Gunia la Mama Mkwe na Tumbo la Jumapili Jioni

Mpendwa Shangazi Joviana,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na ninauomba mbio mbio, maana leo ni Alhamisi na Jumapili haiko mbali. Kwanza kabisa usilichapishe jina langu. Niite tu Mombasa, kama wanavyoniita hapa Ihanda kuanzia watoto wa shule mpaka katekista, kwa sababu mimi ni mtu niliyetembea. Nimekuwa utingo wa lori miaka sita, nimeoga bahari ya Mombasa, Kampala nimekula chapati wakati wenzangu hapa wanaijua kwa kusimuliwa, na Bujumbura niligombana na mtu kwa Kifaransa nisichokijua na nikamshinda. Shule niliiacha darasa la nne, barabara ikanimalizia yaliyobaki. Sisemi haya kwa majivuno, Shangazi, nasema ujue kwamba anayekuandikia si mwoga.

Basi mtu huyo huyo, kila Jumapili ikifika saa kumi jioni, anaogopa kama mtoto aliyevunja chungu.

Tangu mwaka juzi, chama chetu cha msingi kilipoanza tena, mimi ndiye mkaguzi wa kahawa hapa kituoni. Karani ni Melkiory, yeye anapima na kuandika, lakini hakuna gunia linalopanda mzani kabla sijalipitisha mimi. Nina bambo langu, ule msumari mnene wenye mfereji, nalichoma gunia mpaka katikati, zinatoka punje, nazitikisa sikioni, maganda yakilia kama kayamba nasema pita, yasipolia naing'ata moja, na meno yangu hayajawahi kudanganywa. Ikiwa bado mbichi naisema mbele ya watu, irudi ikaanikwe, hata kama ni ya Mwenyekiti, na ya Mwenyekiti nimeirudisha mara mbili. Kazi hii naipenda, ninavaa koti la kaki, na watu wananiamini.

Shida yangu ina siku yake na ina gunia lake. Kila kitongoji kina zamu, na Jumatatu ni zamu ya kitongoji cha ng'ambo ya bonde, ambako anakaa Mama Kokubanza, mjane, ambaye ndiye mama mzazi wa mke wangu. Sasa wewe ni mtu wa Muleba, mila zetu unazijua, huku mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali chakula mbele yake, nikikutana naye njiani naingia migombani mpaka apite, na nikisikia sauti yake sokoni nageuka hata kama nilikuwa nanunua chumvi. Na mama huyu kila Jumatatu anakuja na gunia lake, limefungwa mdomo kwa utepe wa kitenge cha zambarau, analiweka kwenye mstari, anasimama pembeni akinipa mgongo kwa heshima zake. Mimi nikifika pale, Shangazi, mkono wenye bambo unakufa. Nitachomaje gunia la mama mkwe? Nitaing'ataje kahawa yake mbele yake wakati hata muwa siwezi kuumenya akiwa karibu? Naangalia mawinguni, nasema, "Pita." 

Na kahawa yenyewe ni mbichi. Sihitaji kuing'ata. Melkiory akilinyanyua gunia nasikia lilivyo zito na kimya, kama gunia la viazi.

Wiki tatu zilizopita tulifungua ghala tukakuta rundo moja lina joto kama samadi, na ukungu mweupe umepanda magunia manane. Tukaimwaga kahawa yote juani siku nne, watu wazima na akili zao wanaigeuza kwa mikono. Mwenyekiti wetu, Mzee Apolinary, akasema mbele ya mkutano kwamba hilo likitokea tena kituo kitafungwa na kila mtu atabeba gunia lake kichwani mpaka kituo cha Kihanga. Watu wakaulizana nani alileta mbichi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na koti langu la kaki, ninatazama viatu.

Na usidhani hawajui. Jumatatu iliyofuata baada ya mkutano ule, huyu mama Speciose, ambaye mdomo wake hauna mlango, alisema kwa sauti mstari mzima usikie, "Eh, Mombasa! Yangu umeing'ata mpaka nikaona huruma ya jino. Hilo la zambarau vipi, leo umefunga?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikasema huko Mombasa kahawa ya namna hii inajulikana kwa harufu tu. Uongo mtupu. Lakini Speciose siyo aliyeniumiza. Aliyeniumiza ni Twagirayezu, mzee mmoja aliyekuja zamani kutoka Rwanda, analima kashamba kake na vibarua vya watu, mpole hata kuku wake hawapigi kelele. Siku hiyo nilikuwa nimemrudisha. Akalifunga gunia lake taratibu, akalipandisha kichwani, akaniambia, "Si neno, mwanangu. Kilima ni kilekile. Ila ningelikipanda vizuri kama tungekuwa tunarudi wawili."

Tangu siku hiyo ndipo Jumapili iliponishinda kabisa. Asubuhi niko salama, nakwenda kanisani, nikitoka hapo napita kilabuni kwa Evangelina, tunavuta rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa mirija, nawasimulia habari za bahari, wanacheka. Saa kumi jua likigeukia mlimani mke wangu anatoa pasi ya mkaa, anaanza kulinyoosha lile koti. Harufu ya pasi ikinifika tu tumbo linajikunja, ugali haushuki, ndizi hazishuki, mtoto wetu Kemirembe akinisemesha namkaripia bure, halafu najuta, namwita nimsimulie hadithi, hadithi yenyewe nimeisahau katikati.

Dawa nimejaribu. Nimeongeza rubisi, nikaamka Jumatatu na hofu ileile na kichwa juu yake. Jumapili nyingine nikasema naumwa, nikaenda zahanati nikajitetemesha, nikachomwa sindano ya klorokwini ya bure, nikawashwa mwili mzima kama mtu aliyelala kwenye upupu, na Mwenyekiti kwa kunipenda akaihamisha zamu ya kitongoji kile mpaka Jumanne ili nipone. Kwa hiyo niliwashwa Jumatatu, na Jumanne gunia la zambarau likaja.

Mke wangu nimemgusia. Aliniambia, "Baba Kemirembe, ukiirudisha kahawa ya mama mbele za watu utakuwa umemvua nguo." Halafu akaongeza, "Na ukiipitisha tena watakuvua kazi." Ndiyo msaada wake ulipoishia.

Nifanyeje, Shangazi? Niache kazi ninayoiweza, au nimkosee adabu mama aliyenizalia mke? Au kama unajua namna ya kuiruka Jumapili jioni, mtu alale Jumamosi aamke Jumatatu adhuhuri mambo yameisha, nielekeze, nitaifuata hata iwe chungu.

Ni mimi,
Mombasa wa Ihanda, Karagwe

SHANGAZI JOVIANA ANAJIBU

(Jibu hili nilimtumia mwenyewe kwa posta kabla ya kulichapisha, maana mambo ya wakwe hayasubiri gazeti.)

Marahaba, mwanangu Mombasa. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa wewe umejieleza mpaka ng'ombe wa Ihanda wamekujua.

Pole kwa tumbo. Pole na kwa sindano, ingawa hiyo uliitafuta mwenyewe. Barua yako nimeisoma nikicheka hadi nilipofika kwa Mzee Twagirayezu, hapo nikaacha kucheka. Wewe pia uliacha, ndiyo maana nakuona bado una moyo mzima. Mtu mwovu angelala Jumapili usingizi wa pono.

Sasa nikugombeze kidogo. Unasema unaiogopa Jumatatu. Jumatatu imekukosea nini? Unaogopa gunia moja. Gunia moja linakaa mbele yako muda wa kusema "pita", halafu wewe umelichukua ukalitandaza juu ya Jumapili nzima, juu ya ndizi zako, juu ya mtoto wako, juu ya mke anayekunyooshea koti. Jitu lililooga bahari!

Halafu unaificha hofu yako nyuma ya mila. Usiichezee mila, mimi ni shangazi wa watu na wakwe nimewafunda. Mila imekukataza uso wa mama mkwe. Gunia lake haijakukataza. Na hiyo mila uliyoishika kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeuweka wapi? Mkwe wa huku hukimbilia migombani kwa heshima, sawa, lakini mkwe huyo huyo ndiye anayekwenda kumlimia mama mkwe, kumwezekea paa, kumchanjia kuni. Katika barua yako ndefu nimetafuta mahali ulipomfanyia mjane huyu kazi hata ya nusu siku, sijapaona. Umefika Mombasa, umefika Kampala na Bujumbura. Nyuma ya nyumba ya mama mkwe wako umewahi kufika ukaona anaanika wapi kahawa?

Kahawa ya mtu mmoja haibaki mbichi kila wiki kwa bahati mbaya. Ama hana mahali pa kuanika, ama hana nguvu ya kuigeuza na kuianua, ama kuna jambo anashindwa kulisema. Na amwambie nani? Mama mkwe haombi kwa mkwe. Anakufa na haja yake mdomoni.

Kwa hiyo sikiliza, na usinijibu na habari za bahari.

Jumamosi hii, sikusema ijayo, unakwenda huko ng'ambo ya bonde pamoja na mkeo. Mkeo atangulie, abishe hodi, akae na mama yake ndani. Wewe kohoa ukiwa mbali, zunguka nyumba, nenda moja kwa moja nyuma, utazame. Ukiona kinachokosekana, kifanye hapo hapo kwa mikono yako. Tafuta na mtu wa kukusaidia, na ukiniuliza mimi, huyo mtu ni Mzee Twagirayezu. Mwombe msamaha kwanza, tena usimwombe kwa mzaha, halafu umwombe na msaada. Mzee aliyekuambia neno lile kwa upole alikuwa anakufungulia mlango.

Jumatatu anza na gunia la zambarau. La kwanza kabisa, kabla Speciose hajafungua mdomo. Geuza uso pembeni kama adabu inavyotaka, choma bambo, tikisa, ng'ata, na useme ulichokiona kwa maneno yale yale unayowaambia wengine, usiongeze wala usipunguze. Atakayevuliwa nguo siku hiyo hayupo. Siku zote hizi mama wa watu anachekwa mstarini kwa sababu yako, unadhani masikio yake yako Uganda?

Na koti mwambie mkeo alinyooshe Jumamosi. Au linyooshe mwenyewe, pasi haina mila. Rubisi kunywa ya kufurahi, ukiona unakunywa ya kufukuzia hofu weka mrija chini uende nyumbani, maana hofu ukiifukuza kwa pombe inarudi na ndugu zake. Kemirembe mmalizie hadithi yake.

Fanya, kisha uniandikie.

Shangazi yako,
Joviana

NA BARUA ILIYOFUATA

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo tena. Kalamu leo inatembea yenyewe.

Barua yako ilinikuta Ijumaa ya wiki ya pili, nikaisoma nimesimama, nikakasirika, nikaisoma tena nimekaa. Jioni ile ile nikapanda kwa Mzee Twagirayezu. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri njiani, nilipofika yakapotea, nikasema tu, "Mzee, nilikurudisha peke yako, nisamehe." Akaniambia kaa. Akaniletea maji ya kunawa na viazi. Mpaka nikaondoka hatukulizungumza tena jambo lile.

Jumamosi tukaenda. Mke wangu akaingia, mimi nikakohoa mpaka mbwa wa jirani wakaitikia, nikazunguka nyuma. Shangazi, uliona ukiwa wapi? Hakuna mkeka. Mikeka yake yote miwili ya mafunjo ameitandika juu ya paa la jiko lake, pale upepo wa mwezi wa nne ulipong'oa nyasi. Kahawa ameimwaga chini kwenye udongo mtupu, asubuhi inakunywa umande, jioni mgongo unamuuma haianui yote. Mimi, mkaguzi, ninayejua kahawa ya watu mia mbili kwa meno, sikujua hiyo.

Nikiwa nimesimama pale nikasikia sauti yake nyuma ya ukuta, anamwambia mke wangu kwa sauti ya kutosha nami nisikie, "Mwanangu, mwambie mkwe wangu mimi Jumapili silali. Nasema kesho ataikataa, nitapita wapi. Halafu nasema asipoikataa watamfukuza kazi kwa ajili yangu, na hilo ni baya zaidi. Kila Jumatatu naondoka nyumbani nikiomba aikatae, nipate sababu ya kusema sina mkeka."

Wawili tulikuwa hatulali, Shangazi, na bonde katikati.

Nilimjibu kupitia ukuta kwa mke wangu, "Mwambie mama, kesho mimi niko juu ya paa." Na kweli Jumapili baada ya misa sikupita kwa Evangelina. Nilipanda kwenye paa la jiko na mafungu ya nyasi, mzee Twagirayezu akasimamisha kichanja cha miti na matete, kirefu cha kufika kiunoni ili mama asiiname, na juu yake akatandika mkeka mpya aliousuka mwenyewe. Saa kumi ilipita niko kwenye paa. Sikuiona ikipita.

Jumatatu nikafanya ulivyosema. La zambarau la kwanza. Nikageuza uso, nikachoma, nikatikisa, kimya, nikang'ata, jino likazama. Nikasema, "Hii bado. Irudi ikaanikwe siku nne." Melkiory akaacha kuandika. Mama akiwa amenipa mgongo akasema, "Asante." Neno moja. Twagirayezu, aliyekuwa amepitishwa siku hiyo na hakuwa na shida ya kwenda popote, akalipandisha gunia lile kichwani mwake, wakapanda kilima wawili. Na Speciose akasema, "Haya, Mombasa, sasa njoo uniume na mimi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka cheko langu mwenyewe.

Jumatatu iliyofuata gunia la zambarau lililia mpaka watoto wa shule wakageuka.

Sasa nikueleze ya juzi Jumapili. Nilikuwa uani nammalizia Kemirembe hadithi, nikasikia harufu, nikapiga kelele, "Mama Kemirembe, chakula kinaungua!" Akatoka na pasi mkononi ananishangaa. Alikuwa ananyoosha koti, Jumamosi alisahau. Nimeisikia ile harufu yangu na nimeidhania ya ndizi!

Tukiwa tunacheka akaja mtoto wa jirani wa ng'ambo ya bonde na kifurushi kidogo cha jani kavu la mgomba, kimefungwa kwa utepe wa zambarau. Ndani punje kumi za kahawa. Akasema bibi ametuma salamu, anasema, "Mkwe wangu ang'ate leo, kesho asipate taabu."

Nikaing'ata moja pale pale uani, jua likiwa mlimani. Shangazi, ilipasuka kavu, paa! Zile tisa nimeziweka mfukoni mwa koti la kaki.

Ni mimi ninayelala,
Mombasa wa Ihanda